Feni ya ndani ya gari imegoma, inalia au inanuka: tuanzie wapi?

Kila mwaka simu zinaanza Juni. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Arusha imekaza, dereva anataka kutoka na wageni kuelekea Ngorongoro. Anazungusha kitufe cha hita, kimya. Kioo cha mbele kimejaa ukungu, anakifuta kwa kiganja, ukungu unarudi. Watu wa Moshi wao hupiga Januari na Februari, jua limewaka, wanalilia AC. Tatizo mara nyingi ni lile lile, maana hita na AC zinapuliziwa na feni moja iliyojificha ndani ya dashibodi, ambayo sisi mafundi tunaiita bloa. Hita ina rejeta yake ndogo ya maji ya moto, AC ina evaporeta yake inayopoozwa na gesi, lakini anayesukuma hewa ni huyo huyo mmoja.

Kwa hiyo kabla hujafungua hata skrubu moja, jiulize: upepo unatoka au hautoki? Ukitoka kwa nguvu lakini si wa baridi wala wa moto, bloa yako nzima, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya saba. Usipotoka, ukitoka kwa kusuasua, ukija na kelele au harufu, twende pamoja.

Umeme unapita wapi, na mikono usiweke wapi

Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40, unapita rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), unafika kwenye mota. Ukitoka kwenye mota unapita rezista (kipande kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole) na swichi ya spidi, ndipo unaishia kwenye ethi, yaani bodi ya gari inayourudisha umeme kwenye hasi ya betri. Huo mpangilio una maana yake. Toyota nyingi tulizonazo mjini hupunguza spidi upande wa ethi, siyo upande wa chanya. Kijana anagusa waya mmoja wa mota kwa testa, taa inawaka, anatangaza: "Umeme upo, mota imekufa." Kumbe ethi ndiyo haifiki. Pima kati ya nyaya mbili za soketi ya mota, swichi ikiwa namba ya mwisho. Hapo unatakiwa uone volti karibu sawa na za betri. Nimeshapokea mota nzima tatu zilizotupwa kwa kosa hilo, na mbili kati ya hizo zinafanya kazi kwenye magari ya watu hadi leo.

Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, bloa mara nyingi iko kushoto, chini, nyuma ya kiboksi cha dashibodi cha abiria. Lala chali sakafuni uangalie juu: kitu cha duara kama chungu kidogo, skrubu tatu hivi, soketi ya nyaya mbili. Rezista iko jirani, imeshikwa kwa skrubu mbili. Tatizo ni kwamba eabegi ya abiria nayo iko mtaa huo huo. Soketi na nyaya zilizovikwa njano ni zake. Usizichomeke testa, usizipime kwa mita, usizichomoe kwa majaribio. Ukilazimika kufungua kitu karibu nazo, toa kwanza terminali ya hasi ya betri usubiri. Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90. Mimi huwa naenda kunywa chai. Na kwenye haibridi kama Aqua au Prius, ukikutana na nyaya za rangi ya chungwa ujue umepotea njia. Ule ni umeme mkubwa, mwachie aliyesomea.

1. Inapuliza namba ya mwisho tu

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote. Namba moja, mbili na tatu kimya. Nne inapuliza kama kimbunga. Mwenye gari anazoea, anawasha nne, anazima, anawasha tena, mpaka siku na nne inakufa.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara, ni rezista kuungua. Namba ya mwisho haipiti kwenye rezista, inaruka moja kwa moja, ndiyo maana inabaki hai peke yake. Rezista yenyewe ni kitu kidogo: ama nyaya zilizosokotwa kama springi, ama kibao chembamba cha kauri, na juu yake kuna kifyuzi kidogo kinachokatika joto likizidi. Ichomoe uitazame. Springi iliyokatika inaonekana kwa macho. Kama huoni kitu, pima kwa mita: kati ya pini zake utapata ohmu chache tu. Mita isiposoma chochote, imekatika.

Lakini kabla hujaenda dukani, tazama soketi iliyokuwa imeingia kwenye hiyo rezista. Igeuze mwangani. Plastiki nyeupe ikiwa imegeuka rangi ya chai, au pini moja imekuwa ya bluu na nyeusi, rezista mpya haitamaliza kazi.

Hili nililijua kwa aibu. Noah moja ya pale Njiro ilikuja, rezista imeungua, nikafunga ya mtumba. Wiki sita, imerudi. Nikafunga mpya. Miezi miwili, imerudi, safari hii na harufu. Mwenye gari, mama mmoja mpole sana, alisimama mlangoni na ufunguo mkononi akaniuliza, "Fundi, hii ya tatu. Wewe unatengeneza gari langu au unaniuzia rezista?" Sikuwa na jibu. Nikaishusha mota yenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nikaizungusha kwa kidole: ilikuwa nzito, kama inazunguka ndani ya ugali. Bushi, zile pete ambazo ekseli ya mota inazungukia ndani yake, zilikuwa zimekauka. Nikaiwasha na mita ya kubana kwenye waya, ikasoma ampea 27. Mota kama ile ikiwa nzima huwa naisoma chini ya 20 kwenye spidi ya juu. Rezista zote tatu hazikuwa na kosa, zilikuwa zinabebeshwa mzigo wa mgonjwa mwingine. Mota nilinunua kwa hela yangu.

Kwa hiyo rezista ikiungua, uliza nani kaiunguza. Kwa mpangilio ninaoukuta: mota iliyokuwa nzito kwa vumbi na bushi kavu, kisha soketi iliyolegea, inayopata joto kwenye pini, kisha upepo kutofika kwenye rezista. Hilo la mwisho linahitaji neno. Rezista imewekwa makusudi katikati ya njia ya hewa ili ipoozwe. Watu husema filta ya hewa ya ndani ikiziba inaielemea mota. Kwa feni za aina hii sivyo. Ikikosa hewa inazunguka kwa kasi zaidi na kula umeme kidogo zaidi. Kinachopotea ni upoozaji: rezista inakaa kwenye joto lake mwenyewe, na mota pia.

Matengenezo: mota iwe imepimwa, filta imetolewa na kupigwa vumbi au kubadilishwa, soketi iliyoungua ikatwe na kuwekwa nyingine kwa viungio vya kubana, siyo kusokota nyaya na kuzungushia seloteipu. Usikubali fundi aunganishe kile kifyuzi cha juu ya rezista kwa tone la risasi ya kuchomelea. Kimewekwa ili kikatike kabla dashibodi haijashika moto.

2. Kimya kabisa, namba zote

Anza na fyuzi. Ziko chini ya boneti na nyingine karibu na goti la dereva. Kwenye mfuniko tafuta herufi HTR au HEATER. Mifuniko mingine imejaa Kijapani, basi pima moja moja: swichi ikiwa imewashwa, gusa kwa testa vichwa viwili vya juu vya fyuzi bila kuichomoa. Taa ikiwaka upande mmoja tu, imekatika.

Weka nyingine ya ukubwa ule ule, mara moja. Ikikatika papo hapo, simama. Kuna shoti au mota imekwama, na fyuzi ya pili haitakuambia kitu ambacho ya kwanza haikusema. Ikidumu wiki kisha ikakatika, mota ni nzito. Usiweke ya 40 pahali pa 30. Usiweke waya, wala ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ambayo nimeikuta zaidi ya mara moja. Ukishafanya hivyo, waya uliopita nyuma ya redio ndio unakuwa fyuzi, nao haukatiki kwa ustaarabu.

Fyuzi ikiwa nzima, hamia rilei. Weka kidole juu yake, mwenzako awashe swichi: utasikia "tik" ndogo. Usiposikia, badilishana na rilei nyingine ya namba ile ile humo humo kwenye boksi, kama ya honi. Ni kipimo cha bure na kinachukua dakika mbili.

Kisha soketi ya mota, kwa kile kipimo cha nyaya mbili nilichokisema. Volti zipo na feni haizunguki: mota. Volti hazipo: rudi nyuma kwenye rezista, swichi ya spidi na ethi. Ethi ya bloa kwenye magari yaliyopita maji ya masika hukutwa imeota kutu kijani chini ya kapeti. Ifungue, isugue kwa msasa, ikaze.

Ukitaka kuhakikisha mota imekufa, ishushe, uipe umeme wa betri moja kwa moja, lakini waya wa chanya uwe na fyuzi yake ya ampea 20 au 30. Shika mota kwa uthabiti, feni ikiangalia mbali na vidole. Mota za aina hii zinaruka mkononi zikianza.

Mwisho kabisa ndipo nashuku swichi ya ufunguo, hasa kama waipa na vioo vya umeme navyo vinakataa kwa pamoja. Hapo sipendi mwenye gari aendelee mwenyewe.

Onyo moja kabla hatujaondoka hapa. Kuna mafundi, ukiwaambia bloa haiwaki, wanapitisha waya kutoka kwenye betri, wanaweka kitufe pembeni ya usukani, wanakuambia "mkuu, imekubali". Imekubali kweli. Haina fyuzi, haina rilei, na siku mota ikikwama ule waya unageuka kuwa pasi. Kama gari lako limeshafanyiwa hivyo, angalau ule mtungi wa kuzimia moto unaomwonyesha trafiki uwe na shinikizo.

3. Inawaka inapojisikia

Leo inapuliza, kesho haipulizi, ukipita kwenye shimo inaamka. Karibu kila mara ni kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha, hazigusi vizuri. Kipimo chake ni cha kitoto: swichi iwe namba mbili, gonga mwili wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, umeshaijua. Nina mteja Moshi, mzee mmoja wa Pasua, ambaye mke wake ndiye alikuwa swichi. Anapiga teke chini ya kiboksi, AC inarudi. "Huyu mama anajua pa kupiga," mzee anasema. Walisafiri hivyo mwaka mzima.

Unaweza kuweka kaboni nyingine. Mafundi wetu huzikata kutoka kaboni kubwa na kuzisugua kwenye msasa mpaka zienee. Hilo linafaa kama sehemu inayosuguliwa na kaboni bado ni laini na ya rangi ya shaba. Ikiwa imechimbika mtaro mweusi, unatwanga maji, nunua mota.

Sababu ya pili ni soketi iliyolegezwa na mtikisiko. Magari ya safari ndiyo wagonjwa wakubwa hapa, maana barabara za hifadhini hutikisa kila kiungo. Shika soketi, itikise huku feni imewashwa. Ikikatika na kurudi, usiibane kwa koleo ukadhani umemaliza; badilisha pini. Ya tatu ni mota inayopata moto, inasimama, ikipoa inaanza. Hiyo iondoe mapema, haiponi.

4. Inalia

Hapa sikio linafanya kazi kuliko mita.

Mlio wa "tk-tk-tk" unaoongezeka kasi ukiongeza spidi: kuna kitu kimeingia kwenye mapezi. Arusha mkosaji wa Oktoba na Novemba ni mjakaranda. Ule mti ni mzuri kwa picha, lakini ukiegesha chini yake kila siku, maua ya zambarau yanajaa kwenye wavu ulio chini ya waipa, na hewa ya bloa inaingilia hapo hapo. Yapo magari yenye nafasi ya filta lakini filta yenyewe haimo, na Land Cruiser nyingi za zamani ninazofungua hazina hata hiyo nafasi. Ua linaingia moja kwa moja. Nimeshashusha bloa moja ya gari linaloegeshwa chini ya miti hiyo, nikaipindua juu ya gazeti: maua yaliyokauka mpaka yamekuwa kama tumbaku, vijiti viwili, na kipande cha tiketi ya maegesho. Skrubu tatu, dakika ishirini, mteja akadhani nimebadilisha mota.

Mlio mwembamba wa "wiiii" asubuhi, ambao unapotea gari likipata joto: bushi kavu. Tone moja au mawili ya oili nyepesi ya injini kwenye ekseli, pande zote mbili kama unazifikia, litanyamazisha kwa muda. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu usitumie. Zinaosha mafuta yaliyobaki, na baada ya wiki mbili kelele inarudi na jamaa zake. Ukishasikia mlio huu, anza kuweka akiba ya mota.

Mtetemo unaousikia hadi miguuni: mapezi yamevunjika, au matope yamekauka upande mmoja. Vumbi letu likilowa linashika kama saruji. Osha feni kwa maji na brashi laini, lakini itenganishe na mota kwanza, na kile kibanio kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye pezi usikitoe. Ni cha kuweka uzito sawa, siyo uchafu.

Kwa magari yanayolala karibu na migomba, Kibosho, Marangu na kwingineko mlimani, kuna panya. Anabeba majani makavu ya mgomba, anajenga ndani ya bloa. Ukikuta kiota na mavi yake, usipulize kwa kompresa, utavuta pumzi chafu. Vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji yenye dawa ya kuulia vijidudu vya magonjwa, kisha uokote kikiwa kimelowa. Kagua na nyaya, maana hajawahi kulala bila kutafuna.

Jambo la pembeni: kama gari ni haibridi na mlio unatokea nyuma, karibu na kiti, hiyo siyo bloa. Ni feni inayopooza betri kubwa. Angalia tundu lake la hewa lisiwe limefunikwa na begi au kuzibwa na vumbi, kisha mwone fundi wa haibridi mapema.

5. Mota inanguruma lakini upepo hafifu

Toa filta ya ndani kwanza. Mara nyingi iko nyuma ya kiboksi cha abiria, unabana pande mbili za kiboksi kinashuka, unavuta kifuniko cha plastiki. Washa feni bila filta. Upepo ukirudi, umemaliza, nunua filta. Gari linalopanda Karatu na kuingia Serengeti kila wiki, filta yake siipi zaidi ya miezi miwili, hata kama kitabu kinasema mwaka.

Ukitoa filta na bado hafifu, taa ya simu iingie kwenye lile tundu. Utaiona evaporeta, mapezi membamba kama ya rejeta. Ikiwa imevaa blanketi la vumbi na nyuzi, inahitaji kuoshwa. Kwa dawa ya povu inayopuliziwa humo ndani unaweza mwenyewe. Ikibidi kuishusha, hapana: ina gesi yenye shinikizo, na gesi hiyo ikikurukia jichoni au kwenye ngozi inaunguza kwa baridi. Fundi wa AC aivute gesi kwa mashine, asiifungulie hewani.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya wengi. Unatoka Arusha upepo safi na baridi, ukifika Bomang'ombe upepo umekufa, feni bado inanguruma. Unasimama kununua matunda, dakika kumi na tano, ukiwasha umerudi, na chini ya gari kuna dimbwi la maji. Hiyo ni evaporeta kuganda barafu. Zima AC, acha feni ipulize, itayeyuka. Chanzo ni filta iliyoziba, gesi iliyopungua, au kihisi cha baridi kilichokufa, kwa mpangilio huo. Viwili vya mwisho ni vya fundi mwenye geji ya kupimia gesi.

Na kama udhaifu ulianza siku ile ile gari lilipotoka kwa fundi, nyaya mbili za mota zimegeuzwa. Mota hizi ukigeuza chanya na hasi zinazunguka kinyume. Feni itavuma, upepo utatoka, lakini wa kizembe. Badilisha nyaya, dakika tano.

6. Haizimi, au spidi haibadiliki kwenye AC ya vitufe

Gari lenye AC ya kujiendesha mara nyingi halina rezista, lina moduli yenye transista na kipande kikubwa cha aluminiamu mgongoni. Ikifa kwa kushikana, feni inapuliza kasi ya juu hata ukiweka ya chini, au haizimi kabisa. Rilei iliyoganda nayo hufanya feni iendelee baada ya kutoa ufunguo. Usiku ule ule chomoa fyuzi ya hita, la sivyo asubuhi betri itakuwa maiti. Kisha gonga rilei, ibadilishe. Ikibaki vile vile, moduli. Ukiweka moduli mpya, pima ampea za mota kwanza. Yaliyonikuta na Noah yanatokea hapa pia, tofauti ni kwamba moduli ni ghali zaidi.

7. Upepo wa kutosha, lakini hakuna joto au baridi

Bloa haina kosa. Kwa hita, angalia kiwango cha kulanti (maji ya kupoozea injini) injini ikiwa imepoa. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Kisha uliza kama gari lina themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Huku kwetu kuna ugonjwa wa kuitoa: gari likichemka mara moja, fundi anaitoa na kuitupa. Injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hita inakupulizia hewa ya vuguvugu la jana. Wengine rejeta ya hita ilivuja, wakaunganisha paipu zake mbili kwa bomba fupi chini ya boneti. Zifuate kwa macho utaona.

Kwa AC: kompresa (pampu ya gesi ya AC) nyingi haziwaki mpaka feni iwe imewashwa, kwa hiyo usilalamikie gesi wakati namba iko sifuri. Zaidi ya hapo ni kazi ya geji. Na ukungu wa kioo unaondoka haraka ukiwasha AC na hita pamoja, hewa ikivutwa kutoka nje na siyo kuzunguka ndani, kwa sababu AC inakausha hewa. Madereva wengi hawaamini mpaka wajaribu.

8. Harufu na maji miguuni

Harufu ya soksi mbichi: evaporeta na tundu la maji vimechafuka. Kapeti ya abiria ikilowa maji ya kawaida, bomba dogo la kutolea maji ya AC limeziba tope. Tafuta ncha yake chini ya gari, ipitishe waya laini bila kulazimisha.

Maji hayo yakiwa na utelezi kati ya vidole, yana harufu tamu, na kioo kinapata utando wa mafuta usiofutika, rejeta ya hita inavuja. Usionje, kulanti ni sumu, na usiache paka au mbwa ailambe. Usiendelee na safari ndefu. Injini inapoteza maji yake.

Harufu ya plastiki au waya kuungua ni habari nyingine. Zima feni, simama pembeni, zima injini, washushe abiria, toa terminali ya hasi kama unaifikia salama. Moshi ukionekana, ondoka karibu na gari. Usiiwashe tena "kuona kama bado inanuka".

Ukifika kununua mota

Ya mtumba siyo mbaya, zangu nyingi ni hizo. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha soketi, matundu ya skrubu, na mapezi yamepinda upande gani. Soma volti: Coaster na Fuso nyingi ni za 24. Mota ya 24 kwenye gari la 12 inazunguka kivivu utadhani mbovu. Ya 12 kwenye 24 inavuma vizuri dakika chache kisha inanuka. Izungushe kwa kidole, iendelee kidogo yenyewe kabla ya kusimama. Chungulia kaboni kama zinaonekana.

Kisha omba betri. Muuzaji akisema "hii nzima, mkuu, niamini", mwambie unamwamini, na betri bado unaiomba. Iwashe dakika tano huku mnazungumza bei, usikilize kama kuna "wiiii", halafu izime uishike mwili. Ikiwa vuguvugu natoa hela. Ikichoma kiganja naiacha pale mezani.